Kuweka maktaba ya video na mazoezi shuleni bila intaneti, hatua kwa hatua, kwa walimu wa Lamu na visiwa vyake

Assalaam alaykum walimu wenzangu, na nyote hamjambo. Naandika hii kwa sababu simu yangu haitulii, leo mwalimu wa Faza, kesho wa Kizingitini, keshokutwa ni maalim wa madrasa hapa hapa Langoni, na swali ni lile lile, "mbona kwenu watoto wanaangalia video za sayansi na intaneti ya huko twaijua ilivyo, mnatumia bando gani?" Hatutumii bando. Nimeeleza kwa mdomo mara nyingi sana nikaona bora niandike mara moja, mwenye kutaka asome, na akikwama ashuke kule chini nimeweka matatizo ambayo wengi wanakutana nayo.

Kitu chenyewe ni hivi. Laptopu moja inawekwa programu inaitwa Kolibri, ni ya bure, imetengenezwa na shirika la Learning Equality kwa ajili ya sehemu ambazo intaneti hakuna au ni ya kubahatisha. Ndani yake unajaza video, mazoezi na hadithi. Laptopu unaiunga na ruta ya WiFi, tableti za watoto zinaingia kwenye ile WiFi, zinasoma yaliyo ndani ya laptopu bas. Hakuna kinachotoka nje ya shule. Nadharia imeishia hapo, sasa kazi.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Laptopu moja, hata ya zamani, mradi iwe na Windows 10 au 11, RAM 4GB, na nafasi wazi kama 100GB hivi. Betri yake iwe inashika angalau saa moja.
- Ruta ya WiFi ya kawaida, ile isiyo na laini ya simu. Ukiikosa hapa kisiwani agizia Malindi au Mombasa, mtu akipanda basi akuletee.
- Kebo ya LAN ya mita 2 au 3.
- UPS ndogo ya ruta, yaani kibetri cha kuishikilia stima ikikatika. Angalia nyuma ya ruta imeandikwa volti ngapi, kuna za 9V na kuna za 12V. Ukichomeka 12V kwenye ruta ya 9V unaweza kuiunguza siku hiyo hiyo.
- Fleshi ya 64GB au hadidisk ya nje.
- Tableti. Hapa naomba tusikilizane, usianze kwa kuchangisha wazazi pesa za tableti mpya! Nenda stoo kwanza. Shule nyingi za msingi za serikali zilipewa tableti za ule mradi wa serikali ulioanza 2016, na nyingi zimelala kwenye makasha yake mpaka leo kwa sababu chaja imepotea au mwalimu aliyepewa mafunzo alihamishwa. Hata ukipata nane zinazowaka unaweza kuanza.
- Daftari la karatasi la kuandika paswadi zote. Liandike, lifungiwe ofisini kwa mwalimu mkuu.

Watu wananiuliza kuhusu Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya kutoshea kiganjani. Inafanya kazi hii vizuri tu, lakini haina betri, stima ikikatika inazima ghafla na ile kadi yake inaweza kuharibika, halafu fundi wa kuifufua hapa kumpata ni kazi, na laptopu fundi wa simu yeyote wa mjini ataigusagusa mpaka iwake. Kwa kuanzia mimi nasema laptopu.

Hatua zenyewe

1. Pima tableti kabla ya kitu kingine chochote. Zichaji zote usiku mzima, asubuhi ziwashe moja moja. Inayowaka, inayoshika WiFi na inayofungua brauza, iandike namba kwa maka peni na iweke upande. Zile za zamani sana brauza yake inaweza kugoma kufungua Kolibri, ukiona ukurasa mweupe tu jaribu kuweka Firefox au Chrome mpya zaidi inayokubali kwenye hiyo tableti. Ikikataa kabisa isikupotezee wiki, endelea na zinazokubali.

2. Tafuta sehemu yenye intaneti nzuri, siku moja tu. Kudaunlodi ndiyo mara pekee utahitaji intaneti. Usijaribu kwa hotspoti ya simu mchana, utamaliza bando na kazi haijafika nusu. Nenda na laptopu kwa mtu mwenye faiba, au saiba, au ofisi yenye WiFi ya uhakika, omba usiku mmoja. Mimi mara ya kwanza nilifanya Ramadhani, nikitoka taraweh naiwacha inavuta mpaka daku.

3. Instoli Kolibri. Iko kwenye tovuti ya Learning Equality, chagua ya Windows, bonyeza ndiyo ndiyo mpaka mwisho. Itakuuliza unaitumia vipi, chagua "Group learning" maana ni ya darasa, si ya mtu mmoja. Andika jina la shule, kisha fungua akaunti ya msimamizi mkuu. Hiyo paswadi iandike kwenye daftari SASA HIVI kabla hujabonyeza kitu kingine. Hii ni ile paswadi ambayo ikipotea kila kitu kinasimama, na ndiyo ambayo kila shule hupoteza.

Kolibri ina Kiswahili. Mimi upande wa msimamizi nauwacha Kiingereza kwa sababu maelezo mengi ya mafundi yanataja majina ya menyu kwa Kiingereza, lakini watoto nawawekea Kiswahili.

4. Chagua maudhui, na chagua KIDOGO. Hapa ndipo watu wengi wanapotea. Unaingia "Device" halafu "Channels", unaona chaneli ni nyingi ajabu, tamaa inakushika unataka zote, laptopu inajaa na mtoto akifungua hajui aanzie wapi. Khan Academy, ile chaneli ya video na mazoezi ya masomo, ya Kiingereza peke yake ni makumi ya GB ukiichukua nzima. Usiichukue nzima. Ifungue, chagua mada zile tu utakazofundisha muhula huu, tiki, daunlodi.

Mimi nilianza na vitu vitatu na mpaka leo ndivyo vinavyotumika zaidi:

Kwanza African Storybook, hadithi za watoto zenye picha, ziko za Kiswahili na lugha nyingine nyingi za Afrika, watoto wa gredi ya kwanza mpaka ya tatu wanazimaliza wanarudia. Pili hisabati ya Khan Academy, iko mpaka ya Kiswahili, na mazoezi yake yanamsahihisha mtoto palepale. Ila jua kuwa imetungwa kwa mtaala wa Marekani, kwenye zile za Kiingereza utakuta hesabu za dola na futi na inchi, kwa hivyo pitia mwenyewe kwanza, uchukue sehemu zinazoingiana na mtaala wetu na hizo nyingine uziwache. Tatu ni PhET, majaribio ya sayansi ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, haya ndiyo yamenipa moyo wa kuandika yote haya.

Nieleze kidogo. Hatuna maabara. Siku tulipofungua lile jaribio la vitu kuelea na kuzama, msichana mmoja wa gredi ya sita, babake ni nahodha wa jahazi la kubeba mchanga na mawe, alikuwa anaongeza uzito wa kile kipande kidogo kidogo kwa kidole, ukubwa wake hakuugusa, anaongeza anatazama maji, kikawa kinashuka, kinashuka, mpaka kikaenda chini kabisa. Akakirudisha. Akafanya tena. Halafu akaniita, "mwalimu, ndiyo maana baba huwakataza wasitie mchanga wa mwisho." Mimi somo hilo nimelifundisha ubaoni miaka na sijawahi kupata jibu kama lile.

5. Unga ruta na laptopu. Chomeka kebo upande mmoja kwenye laptopu, upande wa pili kwenye tundu la LAN la ruta. Ruta ina matundu kadhaa ya rangi moja, hayo ndiyo LAN, na moja la rangi tofauti limeandikwa WAN au Internet, hilo LIWACHE WAZI. Nusu ya walionipigia wakisema haifanyi kazi walikuwa wamechomeka kwenye hilo.

Ingia kwenye mipangilio ya ruta kwa brauza (anwani imeandikwa nyuma ya ruta, mara nyingi ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1), ubadilishe jina la WiFi liwe la shule, weka paswadi. Usiiwache wazi, mtaa mzima utaingia na ruta italemewa. Halafu tafuta sehemu ya DHCP, ndiyo inayogawia kila kifaa namba yake ya mtandao, humo kuna "Address Reservation", ipe laptopu namba moja ya kudumu, kwa mfano 192.168.0.100. Usiporuka hatua hii utanishukuru, kwa sababu ukiiruka namba ya laptopu inaweza kubadilika asubuhi yoyote na tableti zote zitakuwa zinapiga hodi nyumba ambayo mwenyewe kahama.

Mbona nisitumie hotspoti ya laptopu yenyewe? Kwa sababu ya Windows inabeba vifaa 8 tu, na mara nyingi inakataa kuwaka kama hakuna intaneti ya kugawa. Ruta ni lazima.

6. Zuia laptopu isilale. Kwenye mipangilio ya pawa weka isilale kamwe ikiwa imechomekwa, na ukifunga mfuniko isifanye chochote. Windows ikikuuliza kuhusu fayawoli (mlinzi wake wa mtandao) iruhusu Kolibri, na mtandao wako uuweke "Private". Ukibaki "Public" laptopu inajificha, tableti haziioni.

7. Jaribu kwa simu yako mwenyewe, peke yako, kabla watoto hawajaja. Kwenye Kolibri nenda "Device" kisha "Info", utaona anwani imeandikwa, mara nyingi inaishia na 8080. Zima data ya simu, ingia WiFi ya shule, fungua brauza uandike anwani yote ukianza na http:// mfano http://192.168.0.100:8080. Hiyo http:// usiisahau, brauza nyingine zinajiwekea https na zinagoma, nyingine zinadhani unatafuta kitu Google.

Simu itakwambia "WiFi hii haina intaneti, uendelee kubaki?" Jibu NDIYO, na uweke tiki isikuulize tena. Hili ndilo swali nambari moja ninaloulizwa, mwalimu anaona ule ujumbe anadhani ameharibu. Hujaharibu. Ni kweli haina intaneti, na haihitaji.

Ikifunguka, nenda kwenye kila tableti uiweke hiyo anwani kwenye skrini ya mwanzo iwe kama aikoni, mtoto abonyeze tu.

8. Fungua akaunti za watoto. Usimfungulie kila mtoto paswadi, wataisahau na kipindi chote kitaisha unawatafutia. Ndani ya "Facility" kuna pahali pa kuruhusu wanafunzi waingie bila paswadi, jina tu. Majina kama ni mengi yaandike kwenye Excel uyahifadhi kama CSV uyaingize kwa pamoja. Hapa Lamu kwenye darasa moja utakuta kina Fatma wanne na kina Mohamed sita, kwa hivyo jina la kuingilia liwe na namba ya rejista, fatma14, fatma22, hapo hawagombani.

9. Andaa somo, usiwaachie tu wazurure. Ndani ya "Coach" unatengeneza somo, unachagua video moja na mazoezi mawili, unalipa darasa lako. Mtoto akiingia anaona hilo mbele yake. Vilevile unaona nani amemaliza na nani amekwama kwenye swali la ngapi, unamwendea palepale alipokaa. Kwangu mimi hii ndiyo faida kubwa kuliko hata video, maana yule mtoto mkimya wa nyuma ambaye hanyanyui mkono maisha, kwenye skrini yangu namuona amekosa swali la tatu mara tano.

10. Siku ya kwanza darasani. Watoto wanne au watano kwa tableti moja, mmoja anashika, baada ya dakika kumi wanabadilishana, na ubadilishe kwa kengele usiwaachie wakubaliane. Ruta iweke juu ya kabati ndani ya darasa hilo hilo. Majengo yetu ya zamani ya mawe ya matumbawe na chokaa kuta zake ni nene, WiFi haipenyi, usidhani ukiiweka ofisini darasa la pili litapata. Na usifungue video kwa vifaa vyote kwa pamoja, ruta ndogo zitalemewa, nusu wafanye mazoezi na nusu video halafu wabadilishane.

Chumvi, bahari na kutu

Maelekezo ya mtandaoni hayasemi haya na kwetu ndiyo yanayoua vifaa. Kebo yangu ya kwanza ilifanya kazi vizuri muhula mmoja, muhula wa pili ikawa mara inashika mara haishiki, nimebadilisha mipangilio yote, nimeinstoli upya, wapi. Siku moja nikaichomoa nikatazama kile kichwa chake kwa karibu juani, zile shaba ndogo nane za mbele zilikuwa zimeota kijani. Kutu ya chumvi tu. Kebo mpya, tatizo likaisha.

Kwa hivyo kila siku ukimaliza chomoa kila kitu, pangusa kwa kitambaa kikavu, weka laptopu na ruta kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kukaza. Tableti vilevile. Mkisafirisha kwa boti, hasa msimu wa kusi, funga kwenye mifuko ya plastiki miwili, moja ndani ya moja, kisha begi, na begi upakate mwenyewe usiliweke chini kwenye sakafu ya boti.

Ikikwama

*Tableti imeingia WiFi lakini ukurasa haufunguki.* Anza kwa kuufungua kwenye laptopu yenyewe. Ukifunguka huko, tatizo ni fayawoli au mtandao umejirudisha "Public". Usipofunguka huko, Kolibri haijawaka, iwashe.

*Jana ilikuwa sawa, leo hakuna tableti inayopata.* Namba ya laptopu imebadilika. Angalia "Info" halafu urudi hatua ya 5, ile reservation hukuiweka au hukuihifadhi.

*Tableti inatoka WiFi yenyewe inakwenda WiFi nyingine.* Inatafuta yenye intaneti. Isahaulishe zile nyingine zote ibaki ya shule peke yake, na ule ujumbe wa kubaki uujibu ndiyo.

*Video inakatakata.* Hesabu vifaa vilivyoingia, punguza. Kama ni tableti moja tu inakatakata basi iko mbali au imechoka.

*Stima imepotea katikati ya somo.* Kama una ile UPS ya ruta na betri ya laptopu ni nzima watoto hawatajua. Kama huna, ukirudi umeme washa ruta KWANZA, subiri dakika mbili, ndio uwashe Kolibri.

*Fleshi inakataa kupokea faili kubwa na nafasi ipo.* Imefomatiwa FAT32, hiyo haichukui faili moja inayozidi 4GB. Ifomati exFAT, lakini toa vilivyomo kwanza maana vitafutika.

*Shule ya jirani inataka nasi tuna maudhui tayari, wadaunlodi tena?* La hasha. Kwenye "Channels" kuna kuekspoti, chomeka fleshi, wapelekee, wao wataimpoti kutoka fleshi hiyo. Matondoni walipata yao hivyo hivyo, bila hata MB moja.

*Hatuna laptopu kabisa.* Chukua simu ya Android ya mwalimu, weka Kiwix, programu ya kusomea Wikipedia bila intaneti, daunlodi Wikipedia ya Kiswahili, hiyo ni ndogo, ile ya Kiingereza nzima yenye picha inazidi GB 90 usiiguse. Kiwix ina sehemu ya kuwagawia wengine kwa hotspoti. Simu nyingi hazibebi zaidi ya vifaa kumi hivi, lakini kwa meza mbili za watoto inatosha kuanzia kesho asubuhi.

Aliyekwama kwenye kitu ambacho hakimo humu, aniandikie aseme yuko hatua ya ngapi na skrini inasema nini neno kwa neno, apige picha ikiwezekana. "Haifanyi kazi" peke yake siwezi kuisaidia nikiwa huku na wewe uko Kiwayu.